Neno Moja Mbele ya Kioo cha Maji

Bordesley Green, Birmingham
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Dada Wakesho,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye umri umemwongezea mvi lakini haujampunguzia mdomo. Goti lako linaendeleaje? Zile dawa nilizompa binamu yetu akuletee, unazimeza, au umezipanga kabatini kama vyombo vya wageni? Na lile shamba la Wundanyi, mvua imelikuta limelimwa au imewakuta mnabishana mpaka?

Huku tuna uzima, tunamshukuru Mungu. Wifi yako Eunice yuko zamu ya mchana, atarudi amechoka na kunikuta nimemaliza karatasi zake zote za barua. Samba anakusalimu, shangazi yake. Nilimsomea barua yako ya mwisho, akacheka mahali pote panapostahili kucheka, kisha akanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya hawa tuliowazalia huku.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ningetania, nawe ungecheka, na mambo yangeishia hapo. Sitaki kutania. Ninaogopa, Dada, na nimekuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye amewahi kuniona nikiogopa na akanisamehe kwa kujifanya siogopi.

Ifikapo Jumanne natakiwa kutoa karatasi moja yenye sahihi mbili, yangu na ya mzee mmoja wa miaka themanini na mmoja aitwaye Derek. Nikiandika yote ninayoyajua, mzee huyo atanyang'anywa kitu pekee kinachomwamsha kitandani, na huenda shughuli tunayoipenda watu kumi na mmoja ikafa pamoja naye. Nikiandika nusu, kila mtu atashukuru, na mwezi ujao Derek atapanda tena juu ya boila yenye moto mkali, mbele ya watoto walioegemea kamba, ilhali haoni.

Nianzie mwanzo, usije ukadhani nimejiunga na dhehebu.

Kuna watu katika nchi hii ambao kila kiangazi hukusanya injini kuukuu za mvuke kwenye shamba la majani nje ya mji, wakawasha moto, wakaziendesha mbele ya umati. Hawalipwi chochote. Si injini za treni kama zile ambazo marehemu baba alizichochea pale Voi. Fikiria kichwa cha treni kilichotoroka reli, kikavaa magurudumu mapana ya chuma, kikaenda kuvuta mashine za kupura ngano. Sasa hazivuti kitu. Zinazunguka uwanjani zikitoa moshi, na watu wazima wanalia kwa furaha.

Miaka sita iliyopita nilimpeleka Samba huko kula aiskrimu. Nikaona injini moja nyeusi iitwayo Ada, na mbele yake ubao ulioandikwa kwamba mashine kama hizi ndizo zilizoifungua Afrika. Unanijua. Nilimwendea mzee aliyekuwa juu yake, ndiye Derek, nikamwambia Afrika haikuwa kopo la samaki linalongoja mtu wa kulifungua, kwamba vyuma vya reli yetu vilibebwa mabegani na watu wenye majina, na kwamba injini ilikuja baadaye kutembea juu ya migongo yao. Niliongea kama robo saa. Watu walisogea mbali. Yeye alikuwa anafuta mikono tu.

"Umemaliza, bab?" akaniuliza.

Nilishtuka. Nilidhani ameniita baba. Baadaye nikajua watu wa mji huu humwita kila mtu hivyo, awe dereva wa basi au mtoto wa dukani, ni neno lao la upendo.

"Sijamaliza," nikamwambia.

"Vizuri. Shika kitambaa hiki, sugua ile shaba pale, na uendelee kunitukana. Natukanwa vizuri zaidi kazi ikiwa inakwenda."

Nikasugua mpaka saa kumi na moja. Niliporudi wiki iliyofuata, ubao ulikuwa umepakwa rangi nyeusi kutoka pembe hadi pembe. Hakuutaja kamwe, nami sikuutaja. Toka siku hiyo nikawa mshika usukani wake. Injini hizi huendeshwa na watu wawili: mmoja anashika usukani, mwingine, ambaye ndiye dereva, anatawala moto, maji na mvuke. Kosa la mshika usukani litavunja uzio. Kosa la dereva litaua watu.

Derek hunisimulia enzi ambapo injini zilipanga foleni barabarani kungoja kuingia uwanjani, na kamati ikawafukuza waliotaka kujitolea kwa sababu hapakuwa na kazi ya kuwapa. Sasa kamati ina watu kumi na mmoja, na kijana wao ni mimi, mwenye miaka hamsini na mitatu na mgongo unaolia. Kinachoniudhi ni kwamba watazamaji hawajapungua! Wanakuja na magari yao, wanakula soseji, wanapiga picha, wanatikisa kichwa na kusema ingekuwa hasara kubwa mambo haya yakifa. Mwombe mmoja wao ashike kamba ya maegesho kwa saa moja, utasikia ana mgeni, ana mbwa, ana kikohozi. Wote wanautaka mvuke. Anayetaka makaa kwenye kucha zake simwoni. Na nchi hii iliyojichimba tumbo lake lote kutafuta makaa ya mawe, leo inayaleta kwa meli kutoka kwa wengine. Fomu za bima zinanenepa kila mwaka. Mkulima aliyetuazima shamba amefariki, na wanawe wanaliangalia lile la jirani ambalo limekwisha kuota nyumba. Miaka miwili mfululizo mvua iligeuza uwanja kuwa tope na magari yakavutwa kwa trekta.

Kwa hiyo dereva mmoja ni mali. Katika kamati yetu, Derek ndiye pekee ambaye watu wa bima wanakubali aiendeshe Ada kukiwa na umati. Kumfundisha mwingine ni kazi ya misimu kadhaa, na hakuna aliyekuja kufundishwa.

Mwezi wa Mei nilimwona akimimina chai. Alikuwa ameingiza kidole kikombeni ili kijue chai imefika wapi. Kisha nikagundua kwamba siku hizi hakutazami usoni, anakugeuzia shavu na kukupima kwa pembeni, kama kuku anayechagua punje. Nimekuwa nesi kwa miaka ishirini na mitatu, Dada. Nilimketisha chini.

"Derek, unaona nini ukinitazama?"

"Masikio yako," akasema. "Katikati kumefutika, bab. Naona masikio tu, nayo Mungu hakuyamalizia."

"Daktari anajua?"

"Daktari anajua. Maureen hajui. Nawe hujui."

Maureen ndiye mwenyekiti wetu, karani mstaafu wa shule, mwanamke anayeweza kunyamazisha uwanja kwa kukohoa. Siku ile ile nilipaswa kumwendea. Sikwenda. Derek aliniomba msimu mmoja tu, nami nikamwangalia nikaona mzee wa rika la baba akiomba. Tulilelewa hivi, kwamba uchi wa mzee unafunikwa, tena unaufunika ukirudi kinyumenyume. Mimi ambaye nilimwita mkuu wa wilaya mwoga ndani ya gazeti, mimi niliyewaandikia wenye mabasi kwamba wanaficha breki mbovu nyuma ya mistari ya Biblia iliyochorwa kwenye vioo vya mbele, nilifunika.

Tukabuni njia. Sikiliza jinsi ilivyokuwa ya werevu.

Mbele ya dereva kuna mrija wa kioo uliosimama wima, mnene kama kidole. Maji ya ndani ya boila huonekana humo, na maisha ya kila mtu aliye karibu yanategemea yamefika wapi. Shida yake ni kwamba mrija uliojaa kabisa na mrija mtupu kabisa hufanana. Yote miwili ni kioo cheupe. Mtu mwenye macho mazima hukosea. Derek hakuuona kabisa. Nami, kutoka upande wangu wa usukani, nikiinama kidogo niliuona vizuri.

Lakini kama ningemwitia kwa Kiingereza kila mara, kamati ingeuliza kwa nini dereva anasomewa kioo kilicho mbele ya pua yake. Basi nikamfundisha Kiswahili. Akiuliza, "Maji?", mimi najibu "tele", au "nusu", au "robo". Matamshi yake yangekutoa machozi, Mwalimu. Watu wakaona ni mchezo wetu. Mtangazaji akaupenda, akawaambia watoto kwenye spika waitikie. Kiangazi kizima tulizunguka uwanja, Derek akipaza sauti "Maji!", mimi nikijibu "Tele!", na watoto mia wakipiga kelele "Teeele!" nyuma ya kamba. Wazazi wao wakinipongeza kwamba naleta utamaduni.

Nilijisikia fahari. Nakuambia ukweli wote, na huo pia ni ukweli.

Jumapili iliyopita, saa tisa mchana, lilikuwa gwaride la mwisho. Jua lilikuwa kali. Tulikuwa tumesimama muda mrefu karibu na hema la chai, na pampu inayoingiza maji ndani ya boila ilianza kukataa, kama ilivyo tabia yake joto likizidi. Ilikuwa inakohoa na kutema. Derek aliibembeleza kwa mkono, akiisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Maji?" akauliza.

Nikainama. Mrija ulikuwa mweupe juu mpaka chini. Nikafungua kile kibomba kidogo cha chini, kama alivyonifundisha, kuona kama umejaa au umekauka. Ukatoka mvuke mtupu. Pampu ikakohoa tena. Nikamjibu kama ninavyokujibu wewe ukiuliza wali umeiva.

"Bado," nikasema.

"Baaado!" wakaitikia watoto.

Derek akatabasamu. Akafunga pampu, akasukuma mkono wa mvuke, na Ada akaanza kushuka mteremko kuelekea uwanjani.

Wewe umefundisha Kiswahili miaka thelathini, huhitaji kuelezwa. Wali? Bado, yaani hakuna, haujaiva. Mgeni? Bado yupo, yaani ndiyo, hajaondoka. Neno moja, mlango mmoja, wengine wanatoka, wengine wanaingia. Derek aliwahi kuniuliza maana yake aliponisikia nikimwambia Eunice kwenye simu kwamba bado niko shambani. Nikamwambia linamaanisha kitu kinaendelea kuwepo. Nusu ya maana! Mimi ninayewasahihisha watu kanisani katikati ya maombi! Na kiangazi chote alinisikia nikisema "bado nusu", "bado robo", pale maji yalipokuwa hayajashuka. Kwa hiyo aliposikia "bado", alisikia: yapo, twende.

Jiko la injini hii liko nyuma, karibu na miguu yetu. Injini ikielekeza pua chini, maji machache yaliyobaki hukimbilia mbele, na paa la jiko hubaki kavu juu ya moto. Chuma kikavu juu ya moto hulainika. Kikilainika, mvuke ulio juu yake hukisukuma. Sitakuandikia kinachofuata. Baba aliwahi kutusimulia, na mama akamwambia anyamaze kwa sababu tulikuwa mezani.

Nilijua mara moja. Na nikanyamaza. Pumzi tatu, Dada, nimezihesabu kila siku tangu siku ile. Unajua nilikuwa nafanya nini katika pumzi hizo? Nilikuwa natafuta neno la Kiswahili. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwa siri, bila kumwaibisha mbele ya spika na umati. Halikuwepo. Tulikubaliana maneno ya maji mengi na maji machache. Hatukukubaliana neno la kutokuwepo maji, kwa sababu wajanja hawapangi kushindwa. Mbele yetu, chini ya mteremko, kulikuwa na msichana mwenye kofia ya njano ameketi juu ya kamba akibembea.

Ndipo nikapiga kelele kwa Kiingereza kwamba hakuna maji, asimame, hakuna maji kabisa.

Akasimamisha papo hapo. "Una hakika au unadhani?"

"Nina hakika, Derek! Ni mvuke mtupu!"

"Usiguse pampu," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ya mchungaji. "Maji baridi yakiingia sasa tumekwisha. Ua moto. Mchanga, udongo, chochote."

Akairudisha Ada kinyume, taratibu, hatua chache hadi kwenye usawa, mimi nikimwaga ndoo ya mchanga jikoni, kisha nikaruka chini nikachota udongo wa shamba na majani yake. Maureen hakujua kilichopo, lakini alikuwa ameniona usoni. Akachukua spika akawatangazia watu kwa upole kwamba keki zinagawiwa bure kwenye hema la mbali, waende polepole na wasikimbie. Wakaenda. Msichana mwenye kofia ya njano aligeuka mara moja akatupungia mkono.

Hakuna aliyeumia. Kesho yake, chuma kilipopoa, tuliingiza taa jikoni. Juu ya paa lake kuna kizibo cha madini ya risasi kinachowekwa ili kiyeyuke kabla ya kila kitu na kuutoa mvuke uzime moto. Kilikuwa kimeanza kutoa chozi, tone moja kama punje ya mtama. Tulikuwa karibu kiasi hicho.

Jioni ile ya Jumapili Maureen alitukuta hemani.

"Kwa nini ulimwuliza yeye habari za maji, Derek? Kioo kiko mbele yako."

"Moshi," akasema Derek.

"Hapakuwa na moshi."

Maureen akanivuta nje. "Andika kilichotokea," akaniambia. "Pampu ilikataa, mkasimama, mkazima moto. Mnaweka sahihi wote wawili, mnaniletea Jumanne ya wiki ijayo, nawapelekea watu wa bima. Sitaki kujua zaidi ya kitakachokuwa kwenye karatasi."

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao tumealikwa kwenye maonyesho mengine. Tusipompeleka Ada kwao, mwakani nao hawatatuletea zao. Halafu tutabaki na uwanja wa kuuza soseji. Unataka hivyo?"

Kila neno kwenye karatasi hiyo lingekuwa la kweli, Dada! Pampu ilikataa. Tulisimama. Tulizima moto. Hivi ndivyo waungwana wanavyodanganya: wanapanga ukweli mdogo mdogo mstari mmoja, kama matofali, mpaka mkubwa usionekane. Sisi tunaita heshima, wao wanaita adabu, na mtoto aliyeketi kwenye kamba hajali tunaliitaje.

Najua ninalopaswa kuandika. Hofu yangu ni matokeo yake. Watauliza ni nesi gani anayeujua upofu wa dereva na kumpandisha kwenye boila, na wakiuliza kazini kwangu sina jibu. Bima ikijitoa, mwakani hakuna maonyesho. Na Derek anaishi peke yake Aston na paka mmoja. Asipokuwa na Ada, sijui kitakachomtoa kitandani asubuhi. Wiki hii kila nikifumba macho zamu ikiisha nasikia watoto wakiitikia lile neno. Jana birika lililia jikoni nikashtuka, nikamwangushia Eunice sahani iliyokuwa mikononi mwake.

Nimeiandika. Imejaa ukurasa mmoja. Kesho nampelekea Derek aweke sahihi.


Jumatatu, Aston

Dada, naimalizia barua hii nikiwa mezani kwa Derek, nyumba yake ni mojawapo ya hizi za safu zinazoshikana mabega. Nilikuwa nayo mfukoni, na sasa nina dakika chache.

Nilimpa karatasi. Akaigeuza, akaisogeza pembeni mwa jicho, akairudisha. "Nisomee," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko pale mteremkoni. Tulikuwa wawili tu na paka. Ningeweza kumsomea chochote. Ningesoma habari za pampu na angeweka sahihi kwenye habari za macho yake, na asingejua mpaka siku wanampokonya. Au ningeandika nyingine ya pampu tu, na wote tungekunywa chai.

Nikaisoma kama ilivyo. Macho yake, kimya changu, Kiswahili chetu, neno nililokosea, pumzi tatu.

"Rudia pale ulipoandika 'tangu Mei'," akasema.

"'Nilifahamu tangu Mei kwamba dereva haoni kioo.'"

"Hiyo ni yako. Yangu si Mei. Ni mwaka juzi."

"Mwaka juzi sikuwa nakuitia maji, Derek."

"Hukuwa."

"Nani alikuwa anakuitia?"

"Hakuna mtu, bab. Nilikuwa nasikiliza."

Nilikaa chini. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Derek aliwapandisha watoto wa kanisa letu juu ya Ada, wanne wanne, akawazungusha uwanja mzima. Samba alikuwa wa kwanza. Nilimpiga picha, na picha hiyo nilikutumia wewe. Uliiweka sebuleni. Katika picha ile, Dada, hakuna mtu hata mmoja anayekiona kioo.

"Andika," akasema Derek.

"Sitaki."

"Ulinipigia kelele robo saa kwa sababu ya ubao. Leo sauti imekwenda wapi? Andika: tangu mwaka juzi, na sikumwambia mtu yeyote."

"Watakuondoa kabisa. Hata kusugua shaba hawatakuruhusu."

"Nilidhani utakuja na karatasi ya pampu," akasema. "Nilikuwa nimejiandaa kuitia sahihi na kukudharau mpaka nife. Sasa umeniharibia. Andika."

Nikaandika. Akanyoosha kidole, nikakiweka juu ya mstari, akatia sahihi yake, ndefu na iliyonyooka, mkono wa mtu aliyewahi kuona vizuri. Nami nikatia yangu chini yake. Kisha akasema hatungoji Jumanne, na si mimi nitakayeipeleka. Ataipeleka mwenyewe kwa Maureen sasa hivi, mimi niendeshe gari tu. Amepanda juu kubadilisha nguo.

Sijui Maureen atasema nini. Sijui kazini watasema nini. Nikisema siogopi utanicheka kwa haki. Iondoe ile picha ya sebuleni, tafadhali. Au iache. Siwezi kuamua na hilo pia.

Msalimu shemeji, mwambie ugomvi wetu wa siasa ninaukumbuka na nina hoja mpya. Msalimu mama mdogo wa Mwatate, na mwanawe fundi wa baiskeli, na binamu yetu mbeba dawa, na yule jirani yako mwimbishaji wa kwaya ambaye humkomesha mchungaji akizidisha mahubiri. Mwombe mchungaji atutaje, lakini asieleze sababu, maana kanisa lenu linajua kusambaza sababu kuliko maombi.

Derek ananiita kutoka juu. Anauliza, kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi na jirani akiwa nje anaanika nguo, kama tai aliyoshika ni nyeusi au ya bluu. Tangu nimjue hajawahi kumwuliza mtu swali kama hilo pasipo kulificha.

Nimemjibu kwa sauti ile ile, mtaa mzima usikie. Ni nyeusi, Derek, ile ya msibani. Irudishe. Nakuja kukutafutia ya bluu.

Nakukumbatia kwa mikono miwili,

Nduguyo,
Mwadime